Matanga ya Mwigizaji

Fundi wa sinema alikuwa na vidole vyeusi kwa grisi, lakini filamu aliishika kama anayembeba mtoto mchanga. Kwa kuogopa ndege za Wareno waliokuwa wakipigana ng'ambo ya mpaka, Msumbiji, zisione taa usiku, alionyesha mchana, darasani Kitangari, mikeka ikiwa imeziba madirisha. Miaka kumi alimleta mwigizaji yuleyule wa Marekani: kwanza binti, kisha bibi harusi, kisha mama mtu mzima. Kila mara aliwatafsiria watazamaji maneno yake polepole, “Anasema amechoka kungoja.” Safari moja, ndani ya filamu, mwigizaji akafa kwa kifua, na kina mama wakamwekea matanga. Fundi hakuwacheka, alivua kofia, akakaa mkekani pamoja nao. Mwezi uliofuata alirudi na mkebe mwingine wa filamu, akaupangusa kwa shati kabla ya kuufungua. Leonia, mama yake Justina, ndiye aliyemwona kwanza mwigizaji yule pale ukutani: ana mvi, anatembelea mkongojo, anafokea wajukuu. “Mzima! Jamani, mzima!” Vigelegele vikatikisa mikeka. Leonia alipogeuka kumshukuru fundi, alimkuta ameegemea mashine yake, anajifuta macho kwa kitambaa cha lenzi.

“Afadhali, Mama Justina,” alisema. “Nami mwezi mzima sikupata usingizi.”