Siku Saba za Laitoni

Laitoni Makwinja wa Phalombe hakupenda kutazamwa, na Desemba ile alitazamwa na kila mwenye macho. Kiwanjani kwake kulikuwa na matofali mabichi elfu sita, yamefunikwa nyasi, yakisubiri kuni za kuyachomea. Mvua ilikuwa imegoma. Na kwao, mvua ikigoma, wa kwanza kushukiwa ni mfyatua matofali, kwa kuwa jua linamfaa. Vijana wa kanisa walikwisha kuapa kuyavunja yote.

Bwana shamba naye alikuja na lake: hali ya hewa imebadilika dunia nzima, na miti inayokatwa kuchomea matofali inazidisha balaa. Kwa hiyo kanisani Laitoni alikuwa mchawi, na kwa bwana shamba mharibifu wa misitu. Hakuna aliyekumbuka kwamba kimbunga kiliizoa nyumba yake ya udongo, akabaki chini ya turubai na mkewe.

Lililomtafuna hasa ni siri. Mwezi wa kumi na moja, alipofyatua tofali la mwisho, alipiga magoti akamwomba Mungu siku saba za jua. Mkewe, Esnati, alikuwa hatua chache tu pale, akipanda mahindi. Sasa Laitoni, akihofu kwamba alimsikia na atamtangaza, alianza kumchunguza, hasa anaporudi bombani na wenzake.

"Mama Chisomo, mnaongea nini huko?"

"Maji, baba Chisomo. Ulidhani tunachota maziwa?"

Jibu hilo lilimzidishia shaka.

Jumapili ya kuombea mvua, mchungaji alisema hawataanza mpaka anayeizuia ajitokeze. Shingo zote zikageuka upande mmoja. Laitoni akasimama.

"Niliomba siku saba. Saba tu, mchungaji! Leo ni ya thelathini na moja. Hizo nyingine ameziomba nani?"

"Kumbe ni yeye!" bibi mmoja alipiga kelele.

"Tulia, bibi," Laitoni alimgeukia. "Juzi ulipoanika mihogo ulimwambia nini Mungu?"

Watu wakaanza kutazamana kwa pembe za macho. Ndipo Esnati akainuka kutoka upande wa wanawake.

"Ni mimi. Nilimwona amepiga magoti, nikamsikia. Zake zilipokwisha, nikawa naomba moja moja kila asubuhi. Nimechoka na turubai."

"Na mahindi yako?" mchungaji aliuliza.

"Yamekwisha kuliwa na mchwa."

Laitoni aliona aibu iliyomfika mifupani. Mwanamke ambaye yeye alimshuku mwezi mzima ndiye aliyetoa shamba lake kwa ajili ya matofali yake.

Waliporudi, bila kuambizana, walianza kuyafunua matofali, yeye upande huu na mkewe upande ule, ili mvua ikitaka ije. Wakangoja. Siku ya kwanza, ya pili, ya nane. Juu hapakuwa na wingu. Hapo Laitoni akapata shaka mpya: kwamba pengine tangu mwanzo huko juu hakuna aliyeyasikia maombi yao, yake wala ya Esnati. Shaka hiyo ilimtisha kuliko kuitwa mchawi, na hakuthubutu kumwambia mkewe.