Glasi Niliyoimaliza

Mwaka wangu wa mwisho wa sekondari, miaka ya sabini, tulisoma riwaya kuhusu mke aliyefungiwa nyumbani na mumewe. Mwalimu wetu pale Nyeri alisema dirisha la mke yule si dirisha tu, ni uhuru, na funguo za mume ni utawala. Nilinakili. Moyoni niliona ni upuuzi. Dirisha la kwetu Ruring'u lilikuwa la kutoa moshi.

Likizoni, siku moja nikarudi kutoka kupalilia kahawa, koo limenikauka, nikakuta sebule imejaa wazee. Walikuwa wameleta posa ya mkulima mmoja wa mpunga kutoka Mwea, mwenye baiskeli mpya na sifa nyingine ambazo hakuna aliyenitajia. Baba alikuwa ameridhika. Mimi nilitaka kufanya mtihani na kuendelea na masomo, lakini hakuna aliyeniuliza.

Nasema uongo, niliulizwa. Kwa desturi yetu, msichana hupewa pembe ya pombe mbele ya wazee. Akionja na kumpa baba yake, amekubali kuolewa, na hapo wengine hunywa. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, kwa hiyo pembe ikawa glasi na pombe ikawa soda ya machungwa. Baba akanipa, akauliza, "Tukunywe, ama tusikunywe?"

Mimi niliona soda tu. Kwetu soda ilikuwa ya Krismasi. Nikainywa yote, nikaweka glasi mezani, nikapangusa mdomo.

Shangazi alianza vigelegele, akaviacha katikati. Hapo nikamkumbuka mwalimu: glasi ile haikuwa glasi tu. Niliogopa kwamba nimeshakubali.

"Si amekunywa?" wakasema wa Mwea. "Mnataka nini tena?"

"Amekunywa peke yake," akajibu mzee wa upande wetu. "Baba yake amepewa nini? Glasi tupu?"

Walibishana karibu saa nzima. Mwishowe wakaamua kwamba hakuna kilichokubaliwa, na wageni warudi nikishamaliza mtihani. Hawakurudi. Baba hakunisemesha siku mbili.

Wageni walipoondoka niliosha vyombo na mama. Nilijua atanigombeza kwa ulafi. Akaifuta ile glasi muda mrefu, bila kuniangalia.

"Mimi walinipea pembe," akasema. "Nikaonja kidogo tu. Ningejua, ningemaliza."