Mkono wa Royce

Mtu ninayemsimulia hapa ana jina, nalo ni Royce Sigmon. Lakini ukija kwetu Catawba ukamuulizia kwa jina hilo, watu watakukodolea macho. Ulizia Nati Mbili, hata mtoto wa juzi atakupeleka hadi mlangoni pa gereji yake. Jina hilo alilipata kwa sababu yangu mimi, Lonnie Setzer, na hapa ninapoandika uso unaniwaka.

Royce ni mtoto wa mama mkubwa. Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka minane, na mama mkubwa Verlene akanichukua bila kumuuliza mtu. Akanilaza kitanda kimoja na Royce, akatupakulia sahani moja. Royce alinizidi miaka mitatu, na ndiye aliyenifundisha kufungua injini na kuifunga tena bila kubakiza skrubu mkononi. Kwetu mbio za magari hazikuwa mchezo wa kutazama. Ndizo zilizotupa kazi, wake, na hata ugomvi wa kanisani.

Royce alikuwa na mkono, jamani. Gurudumu la gari la mbio wakati ule lilikuwa na nati tano, na yeye alizikaza zote kwa mashine ya upepo kabla hujamaliza kusema "Bwana asifiwe." Alikuwa na gari bovu uani, limepandishwa juu ya matofali, akilipigia magoti kila jioni mpaka suruali zote zikatoboka. Mama mkubwa alikuwa akifoka, "We Royce, hilo gari unaliabudu?" Naye anajibu, "Nalibembeleza tu, mama."

Timu moja ilipomwajiri, alikataa kwenda bila mimi. Ndivyo nilivyopata kazi ya jeki. Nieleze kidogo, maana aibu yangu yote imo humo. Gari likiingia kubadilishwa magurudumu, mwenye jeki analinyanyua, mafundi wanafungua na kufunga, kisha mwenye jeki analiachia. Likigusa chini tu, dereva anaondoka. Haulizi, hageuki. Kwa hiyo mwenye jeki lazima amtazame fundi. Fundi akimaliza nati ya tano anainua mkono juu, na hapo ndipo unaachia. Royce aliniimbia wimbo huo kila siku: "Mkono kwanza, Lonnie. Mkono kwanza, jeki baadaye."

Basi miaka kumi na tisa iliyopita dereva wetu alishinda mbio moja ya vuli, tukaalikwa kwenye Mbio za Nyota za mwezi wa Mei. Ukitaka ukweli, lile ni bonanza. Halina pointi, walioshinda wanaitwa waje kuonyeshana ubabe. Ila kwa sisi mafundi ndiyo siku ya pekee tunayopandishwa jukwaani na dereva na kutajwa kwa majina. Mwaka mzima watu wanatuona migongo tu.

Mama mkubwa alikuja na basi zima la kanisa. Alikuwa ameshona fulana yake mwenyewe: ROYCE mgongoni, LONNIE kifuani, kwa sababu alikataa kuchagua. Royce alipotajwa, "kutoka Catawba, fundi wa gurudumu la nyuma," yule mama wa watu mwenye goti bovu akapanda juu ya kiti akapiga vigelegele. Nami nikatajwa. Nikainua mikono yote miwili kama bondia, kichwa kikavimba. Natamani mtu angenizaba kofi palepale.

Zilibaki raundi kumi. Magari yote yakaingia kubadilisha magurudumu kwa mara ya mwisho, sisi tukiwa wa tatu. Upande wa kulia ulikwenda vizuri. Nikazunguka mbio upande wa kushoto, nikalinyanyua gari, Royce akapiga goti. Hapo jirani nikasikia jeki ya wenzetu ikishuka na watu wakilipuka kwa kelele. Nikawaza: tutoke wa kwanza, wanione. Wanione mimi! Sikuutazama mkono. Nikaachia.

Royce alipiga ukelele, "Bado!" Gari lilishaondoka. Nati mbili zilikuwa zimeshika, tatu hazijaguswa.

Kwenye kona ya pili gurudumu lilichomoka likaenda zake kwenye majani, na gari likajipigiza ukutani. Dereva alitoka mzima, ashukuriwe Mungu. Mkuu wetu wa mafundi, Wendell Bost, akaja mbio. Kamera zote zilikuwa zimemfuata aliyeongoza, kwa hiyo hakukuwa na picha yetu. Royce alikuwa bado amepiga goti, mashine mkononi, ananitazama.

"Lonnie," Bost akasema, "alikupa mkono?"

Nikasema, "Alinipa."

Neno moja tu hilo. Bost akamgeukia Royce. "Bonanza, Royce! Hata bonanza linakushinda? Unainua mkono na nati mbili, unataka kuua mtu?"

Nilimngoja Royce akanushe. Alifungua mdomo, akageuka akatazama kule kwenye viti vya watazamaji alikokuwa mama yake, akaufunga. Akaweka mashine chini taratibu, akaondoka.

Jumanne wakamfukuza kazi. Hakuna timu nyingine iliyomtaka, kwani fundi wa kuinua mkono kabla ya kumaliza nani amtake? Mtangazaji alikuwa ameshasema kwenye televisheni, "nati mbili tu, mabibi na mabwana," na kufikia Jumapili jina lilikuwa limeshakaa. Royce akafungua gereji ya kubadilisha matairi ya matrekta na mabasi ya shule. Mimi nikaendelea na timu miaka kumi na mmoja. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliwekwa lami kabisa.

Mama mkubwa hakuivaa tena ile fulana. Mwaka wa mwisho wa uhai wake, nikimmenyea viazi jikoni, aliniuliza bila kuniangalia, "Lonnie, mwanangu, mkono wake uliuona kweli?"

"Niliuona, mama."

"Haya," akasema, akaendelea kukoroga. Tulimzika mwezi wa Februari. Kaburini nilibeba jeneza upande mmoja na Royce, na sikuweza kuinua macho.

Mwaka huu, Aprili, barua ikaja. Mafundi wa zamani tunaalikwa kupandishwa tena jukwaani kwenye Mbio za Nyota. Nilikuwa nimealikwa mimi. Royce hakualikwa. Nikakaa na barua ile siku tatu, siku ya nne nikaenda gereji asubuhi.

Alikuwa chini ya trekta. Nikaanza kigugumizi changu. "Kaka, ile siku ya jeki..."

"Usiniambie mimi," akanikata hukohuko chini. "Mimi nilikuwepo."

"Kwa nini hukusema?"

Akatoka akajifuta mikono. "Fulana ilikuwa na majina mawili. Ningesema, mama angebaki na mtoto mmoja. Nikaona mtoto mpumbavu ni afadhali kuliko mtoto mwongo." Akanitazama. "Mama hayupo tena, Lonnie. Unasubiri nini?"

Nikaenda moja kwa moja kwenye mkahawa wa Nadine, ambako wazee wote wa mbio hunywa kahawa na kula mkate wa maini ya kukaanga. Nikasimama katikati kama mlevi. Nikawaambia: Royce hakuinua mkono. Mimi niliachia jeki bila kutazama, kisha nikamsingizia.

Halafu Hoyt, aliyekuwa akiendesha magari ya mbio kwenye uwanja wa udongo, akacheka mpaka akakohoa. "Nadine, mmiminie huyu kahawa! Tumesikia umepata barua, ukaona ndugu yako hana, sasa unataka kumbebea mzigo. We Lonnie una roho ya malaika."

"Hoyt, nakuapia kwa kaburi la mama mkubwa!"

"Usiape, bwana. Tunajua unampenda."

Nadine akanipapasa bega machozi yakimlengalenga. Loo! Nimekuja kujivua nguo, wao wananivisha joho. Sijawahi kujichukia kama pale.

Mlango ukafunguka, Royce akaingia na grisi yake. "Nati Mbili huyo!" wakapaza. "Naam," akaitika kama kawaida, akakaa. Hoyt akamwambia, "Ndugu yako hapa anajitwisha makosa yako. Mshukuru."

Royce akamtazama Hoyt. Kisha akashuka kwenye kiti, akapiga goti palepale sakafuni, mbele ya kaunta, na goti lake likalia. Ngumi yake ikapiga hewani, moja, mbili, polepole. Akasimamisha ngumi.

"Hapa ndipo gari lilipoondoka," akasema.

Akaendelea: tatu, nne, tano. Ndipo akainua mkono juu, mweusi kwa grisi, vidole vimekunjuka.

"Na mkono ndio huu. Nilikuwa sijawahi kuwaonyesha."

Hakuna aliyecheka. Hoyt alimtazama Royce, akanigeukia mimi, na nikaona usoni pake lile joho likinitoka. Nadine akaichukua kahawa yangu ambayo sijainywa akaimwaga kwenye sinki. Nikamsaidia Royce kuinuka, kwa maana goti limechakaa kama la mama yake, naye alikubali kushikwa.

Barua nimeirudisha, nimewaandikia kisa chote na jina la kuliweka badala ya langu. Kama watamwita sijui. Pale mkahawani sasa anaitwa Royce, ingawa bado wanakosea na kujisahihisha. Mimi wamenipa jina la Mkono. Nikiingia tu, Hoyt anapaza sauti, "Mkono huyo!" Nami naitika.