Filamu za Wahispania na Chumba cha Mama

Mume wangu alipenda filamu za Wahispania kuliko filamu nyingine zote. Za Kihindi aliziita za kulialia. Lakini likibandikwa tangazo lenye watu wa kofia za chuma na mapanga, wanaoshuka merikebuni kwenda kuteka nchi ya dhahabu, Jumapili hiyo tulikula mapema, tukafunga mlango, tukaenda sinema.

Tulikuwa wachanga katika ndoa, tunakaa Old Korogwe, upande wa mtoni. Yeye alizaliwa kambini, mtoto wa mkata mkonge aliyetoka mbali na hakurudi kwao tena. Mimi ni Mzigua wa Kwedizinga, nimelelewa na mama peke yake. Uhuru ulikuwa bado unanukia upya, na kwa kuwa mume wangu alikuwa amesoma kidogo, aliajiriwa kuwa bwana maendeleo msaidizi. Aliipenda kazi ile. Alifundisha watu wazima kusoma, akahimiza watu kuchimba vyoo, akirudi nyumbani viatu vimejaa vumbi na uso umejaa furaha.

Ukumbi wa sinema ulikuwa wa bati, una joto la kuokea mkate. Filamu zilitufikia zimekwisha kuchoka, zinakatika kila mara, na watu wanapiga miluzi mpaka ziungwe. Kiingereza sikukijua, kwa hiyo alinitafsiria sikioni.

"Hawa wenye manyoya wanasema nini?" nilimuuliza siku moja. Wenyeji wa nchi ile walikuwa wamejaa uwanjani, na mfalme wao alikuwa amezungumza kwa muda mrefu, machozi yakimlenga.

"Hakuna cha maana," alisema. "Subiri, stelingi anakuja."

Niliwatazama vizuri. Walikuwa Wazungu waliopakwa rangi ya udongo, na shingoni jasho lilikuwa limewachora michirizi myeupe. Nilicheka. Hata hivyo nilitoka ukumbini nikitamani kujua mfalme yule alikuwa amesema nini.

Stelingi alipokuja, alikuta askari wake wananong'ona kwamba warudi kwao. Basi akaamuru merikebu zichomwe moto, zote, ili asibaki mtu wa kufikiria kurudi. Ukumbi mzima ulisimama ukipiga makofi. Njia nzima ya kurudi nyumbani mume wangu alikuwa akizungumzia merikebu zile.

"Umeona? Huyo ndiye kiongozi," alisema. "Ukimwachia mtu mlango nyuma yake, hasongi mbele."

Baadaye alihamishiwa Handeni, na haikupita miaka mingi ikaja amri ya watu wote kuhamia vijijini. Mwanzoni ilikuwa maneno ya mikutano: tukae pamoja, tupate shule, maji na zahanati. Mimi niliyaamini, maana ndugu zangu wawili walikufa kwa homa wakiwa wadogo, na zahanati ilikuwa mbali. Lakini watu wa kwetu walikawia. Shamba lilikuwa hapo, makaburi yalikuwa hapo. Mama alikuwa mmoja wa waliokawia.

Hapa sharti nieleze jambo. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hali naye chakula, hamtazami usoni, na chumba chake cha ndani hakikanyagi kabisa. Kwa hiyo mume wangu alipokwenda kumshawishi mama ahame, alinichukua mimi. Alisimama uani, nje ya kivuli cha paa, mama akakaa ndani, na mimi nikawa mlangoni nikipokea maneno huku na kuyapeleka kule. Alizungumza vizuri. Mwisho, kama kawaida yake, akasimulia habari ya jemadari na merikebu.

Mama akaniambia, kwa sauti iliyofika hadi uani, "Mwambie mwenzio, yule alichoma merikebu zake. Hii nyumba ni yangu."

Sikuwa na haja ya kuyapeleka. Mume wangu aliinamisha kichwa, akaniaga kwa mkono, akaondoka.

Lori lilikuja asubuhi ya kiangazi, likiwa na mgambo, na mume wangu pamoja nao. Mimi nilikuwa nimelala kwa mama. Nyumba za jirani ziliezuliwa kwanza. Tulisikia nyasi zikichanika na kuku wakipiga kelele. Mama aliingia chumbani kwake akafunga mlango wa fito. Mgambo walifika wakasita, maana walikuwa vijana wa huko huko na walimjua. Mmoja akaita, "Shikamoo bibi, tunaomba utoke." Mlango haukufunguliwa.

Mume wangu aliwasogeza kando. "Sitaki mtu mwingine amguse mama," alisema. Nilimwita, nikamwambia ngoja niingie mimi. Hakunisikia, au alinisikia. Alisukuma ule mlango akaingia.

Alitoka amebeba kitanda cha kamba. Nyuma yake alitoka mama, amejifunika kanga mpaka usoni, akapita mbele yangu kama mtu asiyeona njia. Nyasi za paa zikarundikwa uani, zikawashwa, ili mtu asije akaezekea tena. Mahindi ya mbegu yalikuwa bado juu ya uchaga chini ya paa, yakaporomoka pamoja na nyasi. Nilipokumbuka, yalikuwa yanalipuka motoni.

Katika kijiji kipya mama alipewa kiwanja kando ya barabara. Mvua za kwanza zilimkuta kwenye kibanda kisicho na kuta kamili. Lakini siwezi kusema hakuna kilichokuwa chema. Bomba lilikuja, shule ikaja, na mama mwenyewe alisema maji yale ni matamu. Kitu kimoja tu alikataa. Mume wangu alipopita barabarani akasema, "Shikamoo mama," hakuitikia. Nilimsihi, nikamwambia mwanamume yule ni baba wa wajukuu wake.

"Aliingia nikiwa najifunga kanga," mama aliniambia. "Nitamwitikia kwa uso upi?"

Mjomba alimweleza mume wangu kwamba kosa lile lina dawa yake: alete mbuzi na kitambaa cheupe, chumba kitakaswe, yaishe. Alikasirika.

"Nilikuwa kazini," alisema. "Kazi haitolewi mbuzi."

Basi likakaa hivyo, mwaka hata mwaka. Nyumbani kwetu tulizungumza habari za watoto na za chakula.

Tulirudishwa Korogwe. Jumapili moja filamu ya zamani ya Wahispania ikarudi, tukaenda. Mfalme mwenye manyoya alipoanza kuzungumza, nilimgeukia mume wangu kwa mazoea, nikatega sikio. Hakunitafsiria. Alikuwa anasikiliza, mdomo wazi kidogo, mpaka mfalme akamaliza.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anawauliza wanataka nini," alisema. "Anasema dhahabu wachukue, wamwachie nyumba." Hakutafsiri tena mpaka mwisho, na wiki ile hakulala vizuri.

Mwezi uliofuata alinunua mbuzi. Tulisafiri naye hadi kijijini, mume wangu akamkabidhi mjomba, akakaa mbali, kofia mkononi. Mjomba akaingia kwa mama, akakaa kitambo, akatoka.

"Dada hana ugomvi na mbuzi," alisema taratibu. "Anauliza mtatakasa chumba gani. Chumba chenyewe hakipo."

Mbuzi alichinjwa hata hivyo, majirani wakala. Mama hakugusa nyama. Mume wangu naye hakugusa. Jioni tulipoaga, alisimama barabarani akasema shikamoo, akangoja. Nilimwona mama kwenye pengo la ukuta, midomo inacheza. Kama aliitikia, haikutoka sauti.

Mama alifariki masika yaliyofuata. Alikuwa ameusia azikwe kwake, si kijijini. Mume wangu alikwenda mwenyewe kuomba ruhusa ofisini, akaipata, na akawa miongoni mwa waliobeba jeneza. Njia ilikuwa imefungwa na vichaka, tukawa tunakata huku tunakwenda. Mahali pa nyumba tulipatambua kwa mafiga. Tulimzika hapo, tukasoma dua, kisha tukarudi kijijini kabla ya magharibi, kwa kuwa pale hapakuwa na nyumba ya kukalia matanga.