Kipaza na Farasi Aliyebebwa

Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa fundi viatu huyu hana habari na mtu. Utamkuta kwenye kigoda chake mbele ya duka la vitambaa, misumari midogo imejaa mdomoni, kiatu cha mtu amekibana katikati ya magoti, na ukimsalimia anakujibu kwa nyusi. Mkewe anasema hata nyumbani ni hivyo hivyo, swali la asubuhi linajibiwa jioni. Usidanganyike. Huyo huyo, Jumamosi saa tisa alasiri, akishika kipaza sauti hanyamazishiki. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Kipaza, na jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye vyeti.

Kazi yake ya Jumamosi ni kutafsiri sinema. Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la magodoro: mabenchi ishirini, pazia jeusi madirishani, na ukuta uliopakwa chokaa ambao ndio skrini. Sinema zinakuja na lugha ya kwao. Kipaza anakaa kwenye stuli chini ya ukuta, mgongo kwa watu, amevaa vile vidude vikubwa vya kufunika sikio zima, anasikiliza wanachosema mle ndani na kukimwaga kwa Kiswahili papo hapo. Lugha hiyo anaijua nusu. Nusu iliyobaki anaijaza mwenyewe, na wapo wanaosema hiyo ya kujaza ndiyo tamu.

Tena ana mwiko: haitazami sinema kabla ya watu. Anadai ukishaijua, sauti inapoa. Anataka kufa pamoja na anayekufa, siku ile ile. Na amewaliza watu, usifanye mchezo. Muuza nyama, jitu la kifua kama kabati, alilia hadharani kwa ajili ya kauboi mmoja aliyezikwa na kofia yake. Kipaza aliyakumbuka machozi yale wiki nzima huku akigonga visigino. Kwenye viatu hakuna anayelia.

Sasa mwenye ukumbi naye akaja na lake. Alikuwa amepata mahali pa kuchukua sinema zenye maandishi ya Kiswahili chini kabisa ya picha, kila neno mahali pake. Akamfuata Kipaza pale kigodani, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye habari mbaya.

"Fundi, dunia inaenda mbele. Jumamosi hii tusikilize maoni. Watu wakiridhika, unaendelea. Wasiporidhika, Jumamosi ijayo tunaanza kusoma."

Kipaza akatema misumari kiganjani. "Tunasoma sinema?"

"Tunasoma sinema."

Hapo ujue kitu kimoja kuhusu ukumbi ule. Hutoki bila kutoa maoni. Mlangoni anakaa mwalimu mstaafu na daftari lake, na sinema ikiisha anapiga filimbi, taa zinawashwa, kila mwenye la kusema anasimama. Asiye na la kusema anatafuta. Kwa hiyo kazi ya Kipaza ilikuwa mikononi mwa watu wa mabenchi ishirini, na yeye alilijua hilo mpaka usingizi ukamkimbia. Alimweleza mkewe. Mkewe, mama mpiga pasi ambaye miaka kumi na minne ya ndoa hakuwahi kukanyaga ukumbini kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya mashuka ya hoteli, akasema, "Baba watoto, safari hii nakuja." Kipaza akazidi kuogopa.

Jumamosi ikafika. Sinema ya kauboi, alivyoambiwa. Vumbi, mlima, kofia. Kipaza akavuta pumzi, akashusha sauti mpaka tumboni.

"Ndugu zangu," akaanza, "huu ni mji wenye huzuni."

Akatokea sherifu, mkuu wa polisi wa mji, na masharubu mazito. Akaingia kilabuni, akaagiza supu, masharubu yakadondoka ndani ya bakuli. Mtu mwingine angeshtuka. Kipaza hakushtuka. "Amefiwa," akasema taratibu. "Mwanaume akifiwa, hata nywele zinamwacha."

Nyuma yake mabenchi yakaanza kutikisika. Masikio yake yamezibwa, hasikii kitu, ila sakafu aliisikia miguuni. Akajua watu wameguswa, wanalia. Basi akaongeza majonzi.

Wakaja majambazi sita kuvamia benki. Wakafika, wakakuta foleni, wakapanga foleni. Mmoja akamsaidia bibi kujaza fomu. "Tazameni," Kipaza akasema, "hata mwovu amelelewa na mama." Sherifu akataka kuwafuata, farasi wake akakataa kwenda, akaketi kitako barabarani. Sherifu akamsihi, akamwimbia, akamkanda mgongo, mwisho akambeba begani, miguu minne inaning'inia, wakaingia jangwani hivyo hivyo. Hapo Kipaza akatafsiri huku sauti inakatika: "Ameumia huyu farasi. Amemtumikia miaka. Leo ni zamu ya bwana kubeba. Jamani, nani kati yetu ana rafiki wa namna hii?" Akajifuta macho kwa kitambaa cha kusugulia viatu, akajipaka rangi nyeusi shavu zima.

Kilele kikawa saa sita mchana, sherifu na mkuu wa majambazi mgongo kwa mgongo. Hatua kumi, wageuke, wapigane risasi. Wakaanza kuhesabu. Kumi ikapita. Kila mmoja akaendelea na hesabu yake, akatoka nje ya mji, mmoja akafika baharini na bado anahesabu. "Wamesameheana," Kipaza akanong'ona. "Kila mtu ameshika njia yake. Mungu awalinde." Picha ikaisha.

Akavua vidude masikioni. Jamani. Kelele aliyoikuta haikuwa ya msiba hata kidogo. Watu walikuwa chini ya mabenchi. Kinyozi alikuwa amelala chali kwenye njia anaomba maji. Mwalimu mstaafu filimbi ilikuwa mdomoni lakini kila akipiga, kicheko kinaitoa. Kipaza akasimama pale, shavu jeusi, akatazama ukutani, akatazama watu, na ndipo akaelewa kwamba ile sinema ilikuwa ya kuchekesha tangu supu.

Alitamani ardhi ipasuke. Ardhi ya ghala ni ya saruji.

Maoni yakaanza. Kinyozi alisema kitaalamu kwamba masharubu yale yalibandikwa vibaya, upande wa kulia ulikuwa juu kuliko wa kushoto, lakini akishakumbuka "amefiwa" anasamehe yote. Nesi wa zahanati alisema sherifu ameanguka mara tisa, hakuna aliyemfunga hata bandeji, naye kama mhudumu wa afya amesononeka, ila amecheka mpaka kifungo cha gauni kimekatika. Mama mmoja alitaka sinema irudiwe kwa sababu nusu aliikosa akifuta macho. Mzee wa benchi la mbele alikasirika kweli. Alisema makauboi ni watu wa heshima, yeye amekua nao, na si vizuri kuwatia kwenye foleni ya benki. Mwalimu akaandika yote bila kuchagua.

Mwenye ukumbi alikuwa anang'aa uso mzima. Akamsogelea Kipaza, akamnong'oneza, "Fundi, wewe ni bingwa. Kujifanya umehuzunika vile! Sema tu ulifanya makusudi, nakupa kipaza mpaka uzeeke."

Na Kipaza alitaka kusema hivyo. Tusidanganyane, nani asingetaka? Neno moja tu, "makusudi," na aibu yote inageuka ufundi.

Kabla hajafungua mdomo, muuza nyama akasimama. Hakuwa anacheka. Macho yalikuwa mekundu na mikono yake mikubwa ilikuwa inazungusha kofia.

"Mimi maoni yangu ni mafupi," akasema. "Pale farasi alipobebwa nililia. Hawa wenzangu wameniona, wananicheka mpaka sasa. Nilikuwa nakusikiliza wewe, kaka, sikutazama mengine. Nataka kujua kama ulikuwa unanichezea."

Ukumbi ukatulia. Mwenye ukumbi akamkonyeza Kipaza. Mke wa Kipaza, benchi la tatu, hakumkonyeza. Alimtazama tu, vile anavyolitazama shati lenye doa kabla hajaamua cha kufanya nalo.

Kipaza akashika kipaza sauti, kisha akakiweka chini, akasema kwa sauti yake ya kigodani, ile ndogo.

"Sikujua kama ni vichekesho. Nilidhani farasi ameumia. Mimi pia nimelia, si mnaona uso huu."

Kinyozi akatoa mlio kama kibiriti cha gesi, na ukumbi mzima ukalipuka upya, kuliko mara ya kwanza, kuliko sinema yenyewe. Walicheka mpaka mzee wa benchi la mbele akacheka. Mwalimu akapigisha kura kwa mikono, akahesabu, akaacha kuhesabu, akaandika: Abaki. Muuza nyama hakucheka. Alivaa kofia yake na kukaa, mabega yameshuka, ametulia.

Basi Kipaza alibaki. Lakini sikiliza alichokipata. Jumamosi iliyofuata ililetwa sinema ya huzuni yenyewe, mama anaugua, watoto wanne, mvua. Hakuna mzaha hata chembe. Kipaza akavuta pumzi, akasema, "Ndugu zangu, huyu mama ana homa," na benchi la kwanza mpaka la ishirini wakaangua kicheko. Akajaribu tena. Kadiri alivyohuzunika ndivyo walivyoshika mbavu. Mama alipokufa Kipaza alilia kwa sauti ndani ya kipaza, machozi ya kweli ya mtu mzima, na mwenye ukumbi akasimama kumpigia makofi, akatangaza pale pale kwamba fundi ameongezewa na siku ya Jumatano.

Alitoka kwa mlango wa pembeni ili asipongezwe. Mkewe alikuwa nje anamsubiri, na kando yake muuza nyama, anapenga kamasi.

"Kaka," akasema muuza nyama, "wale watoto sasa watalelewa na nani?"

"Hata mimi najiuliza," akajibu Kipaza.

Mkewe akawashika mkono wote wawili, mmoja huku na mmoja kule, akawapeleka nyumbani walie vizuri.