Kitambaa cha Kokoo Elizabeth

Waruguru akiingia nyumbani kwa mtu, hata kabla chai haijatengwa, mkono wake huwa umeshafika kwenye kitambaa cha kochi na kukigeuza. Wenyeji wapya hushtuka. Wanaomjua humwacha atazame upande wa nyuma hadi aridhike.

"Mbele ni ya wageni," husema. "Mimi nataka kuona fundi amefunga uzi wapi."

Alizaliwa Ngong, akaolewa Kitengela, na kwa miaka mingi alishona mifuko ya suruali za jinzi katika kiwanda kimoja cha nguo Athi River. Mfuko wa nyuma, wa kulia. Wa kushoto ulikuwa na mtu wake. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi alirudi nyumbani na vidole vyepesi na hamu ya kushona kitu kizima, chenye mwanzo na mwisho. Akaanza na vitambaa vya makochi, kama wanawake wengi wa Kitengela, na pengine angebaki hapo kama si sanduku la bati la nyanya yake.

Ndani ya sanduku hilo, nyanya yake Gathoni alikuwa amehifadhi kitambaa alichoshona akiwa msichana katika shule ya misheni. Siku hizo kila msichana alikuwa na chake. Alishonea herufi kuanzia A mpaka Z, tarakimu, nyumba, mti, na chini kabisa jina lake, vyote kwa misalaba midogo: uzi mmoja unalala huku, mwingine unapita juu yake. Kilikuwa kitambaa cha kujifunzia tu, lakini kwa wengi wao ndipo mahali pa kwanza walipowahi kuandika jina lao. Cha Gathoni kilikuwa kimeshaanza kuliwa na panya. Waruguru alichukua daftari la hesabu la mwanawe Kimani, lile lenye viboksi, akakihamishia huko: msalaba mmoja, kiboksi kimoja. Kisha akakitoa kwenye daftari na kukishona upya kwenye kitambaa kipya. Shangazi zake walipokiona walilia kama watu waliomwona marehemu mlangoni.

Habari zikasambaa. Watu wakaanza kumletea vitambaa vya nyanya zao kutoka Ngong, kutoka Oltepesi, na kimoja kutoka Magadi kilichokauka kwa joto hadi kikawa kama chapati ya juzi. Alivichora vyote, akavishona, na michoro yenyewe akawauzia wanawake waliotaka kujishonea. Na alikuwa na sheria moja: hamsahihishi mtoto aliyeshona. Kama msichana aligeuza tarakimu ya saba, Waruguru naye aliigeuza. Kama uzi mwekundu ulimwishia katikati ya paa akamalizia kwa wekundu mwingine, Waruguru alitafuta wekundu huo mwingine sokoni mpaka akaupata. Rangi za kweli alizisoma upande wa nyuma, ambako jua na moshi havikufika.

"Mama Kimani, wewe ni fotokopi," Caro alimwambia siku moja. Caro huuza mitumba sokoni, kwenye kibanda cha pili kutoka cha Waruguru, na mdomo wake haujui likizo. "Fotokopi ya mkono. Hata stima hutumii."

"Na wewe unauza nguo mtu ameshavaa. Yangu angalau ni mpya."

"Lakini nani anajua kama umekopi sawa? Wenyewe wote wako mchangani."

Waruguru alicheka, lakini neno lile lilimchoma na likabaki limechoma. Ni kweli. Wenye vitambaa wote walikuwa wamekufa. Wajukuu walifurahi, shangazi walilia, ila hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kumwambia, "Ndiyo, hivi ndivyo nilivyoshona."

Ndipo akaja Rachel, mwalimu wa shule ya msingi Kajiado, na fremu iliyofungwa kwenye leso. Mchwa walikuwa wamepanda ukutani wakaila mbao na upande mmoja wa kitambaa. Waruguru alikipokea kwa mikono miwili. Herufi zilikuwa zimefifia, lakini chini ya herufi kulikuwa na kitu ambacho hajawahi kukiona kwenye kitambaa cha misheni: badala ya nyumba na mti, kundi la ng'ombe wakielekea upande mmoja, kila mmoja na rangi yake, mwingine madoadoa, mwingine tumbo jeupe. Chini yao, ELIZABETH SIMEL.

"Pole kwa kumpoteza," Waruguru alisema.

"Kumpoteza nani? Kokoo, nyanya yangu, yuko nyumbani anagombana na kuku." Rachel alicheka. "Na ameniambia nikuambie hivi: kama sio yake, hataki kuiona kwa nyumba. Ataketi na hiyo ya mchwa mpaka iishe."

Caro alikuwa amesimama na sweta mkononi, masikio yote huku. Rachel alipoondoka, Caro alipiga mluzi. "Leo fotokopi imepata mwenyewe."

Waruguru alikifanyia kazi kitambaa kile kama mtu anayefanya mtihani. Alitoa fremu, akageuza, na kule nyuma rangi zikamlaki: kilichoonekana kijivu kilikuwa buluu, na kahawia ilikuwa nyekundu kama udongo wa Kajiado mvua ikinyesha. Pale mchwa walipokula uzi, alifuata matundu ya sindano yaliyobaki. Kimani alimkuta mara kadhaa amelala na kidole juu ya kiboksi, akamwekea blanketi mabegani.

Jambo moja lilimsumbua. Ng'ombe wote walielekea kushoto, isipokuwa mmoja, mwekundu mwenye paji jeupe, karibu na mwisho wa kundi. Miguu yake ilielekea kushoto kama wenzake, lakini kichwa kilikuwa kimegeukia kulia. Waruguru alijua hilo linavyotokea. Mtoto amehesabu vibaya, kichwa kimekosa nafasi, akakisukumia upande mwingine mwalimu asione. Kwa kitambaa cha marehemu angeacha vivyo hivyo, sheria ni sheria. Lakini huyu alikuwa hai. Kitambaa kingetundikwa sebuleni mbele ya wajukuu na watu wa kanisa, na mama mzima, mwenye heshima zake, aonyeshwe kosa lake la utotoni? Waruguru aliona haya kwa niaba yake. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, alisahihisha. Akamgeuza ng'ombe kichwa ili atazame mbele kama wenzake.

Siku ya kukipeleka Caro alifunga kibanda. "Hii siwezi kuhadithiwa," alisema.

Nyumba ya akina Simel ilikuwa mpya, ya mawe, na ile ya zamani ya mabati imebaki nyuma yake. Kokoo Elizabeth aliketi kwenye veranda, miwani puani, shuka begani. Waruguru aliinamisha kichwa, na mama yule akamgusa utosini kama anavyowagusa watoto wa ukoo.

"Takwenya."

"Iko, kokoo," Waruguru alijibu. Maneno ya Kimaasai anayoyajua hayajazi kiganja, lakini itikio hilo la salamu analo.

"Lete tuone hiyo uchawi yako."

Rachel alitandaza kitambaa kipya kwenye mapaja ya nyanya yake, na cha zamani kando yake. Kokoo alianza na herufi. Kidole chake kilitembea mpaka Z, kikashuka kwenye tarakimu, kikaishia kwenye jina. Halafu akarudi kwa ng'ombe. Aliwapitia mmoja mmoja, midomo ikicheza bila sauti, na Waruguru akatambua kwamba anawaita kwa majina.

Kidole kikasimama.

"Hii ng'ombe ni ya nani?"

"Ni yako, kokoo. Ni zako zote."

"Yangu iko hapa." Aligonga kitambaa cha zamani. "Hii ingine siijui. Imetoka boma gani?"

Waruguru angeweza kusema sindano iliteleza. Angeweza kulaumu mchwa. "Niliigeuza kichwa," alisema. "Nilifikiria ulikosea. Sikutaka watoto waone."

Kokoo alivua miwani. "Wewe uko na ng'ombe nyumbani?"

"Tulikuwa na mmoja. Ngong, kwa mama."

"Alikuwa anaenda malisho?"

"Hapana. Tulikuwa tunamkatia nyasi. Alikuwa kwa banda."

"Basi. Ng'ombe yako inaangalia ukuta, itageuka kwenda wapi?" Rachel alicheka, Caro akacheka zaidi, na hata Waruguru kicheko kikamponyoka. Kokoo peke yake hakucheka. "Hii ni ng'ombe ya mama yangu. Ilikuwa imezaa, ndama iko kwa boma. Ng'ombe kama hiyo ukiipeleka malisho, miguu inaenda na wengine, lakini kichwa inabaki nyumbani. Kila mtoto wa hapa anajua. Mwalimu wangu hakujua. Aliniambia, fumua, ng'ombe wote waangalie mbele. Nikakataa. Akanichapa, nikakataa. Akaniambia sitakula. Nikakaa na njaa, na ng'ombe ikabaki ikiangalia nyuma." Alimtazama Waruguru moja kwa moja. "Mwalimu alishindwa. Sasa wewe umekuja kumsaidia?"

Caro alisogea kando kumpisha Waruguru.

Waruguru alifungua mkoba. Alitoa mkasi mdogo, sindano, na kibunda cha nyuzi za kitambaa kile, maana fundi wa kweli hatembei bila mabaki. "Nipatie kiti karibu na wewe, kokoo," alisema. "Na hiyo ya zamani uishike niione."

Alifumua kichwa pale pale, msalaba baada ya msalaba, akizitoa nyuzi kwa ncha ya sindano ili kitambaa kisijeruhiwe. Kisha akaanza upya. Hakuhesabu kwenye mchoro wake, alihesabu kwenye kitambaa cha yule msichana, na alipofika kwenye shingo aliona kile ambacho hakukiona Kitengela: misalaba haikusukumwa ovyo kwa kukosa nafasi. Ilipinda taratibu, mmoja juu ya mwingine, jinsi shingo inavyopinda. Mtoto yule alikuwa amefikiri. Waruguru aliifuata akili ile hatua kwa hatua, na kokoo kando yake akikishikilia kitambaa kuukuu kikazike. Chai ililetwa, ikapoa.

Alipokata uzi wa mwisho, kokoo alivaa miwani. Kwanza alikigeuza. Alitazama nyuma kwa muda mrefu, akatafuta fundo, asilione. "Mwalimu alikuwa anaanzia kukagua hapa," alisema. "Huku ndiko alikuwa anatuchapia." Ndipo akarudi mbele, akamwita ng'ombe yule jina lake, kwa sauti sasa, akamnyooshea Rachel kitambaa kipya.

"Weka hiyo yangu kwa ukuta. Hii ingine funga vizuri, weka kwa sanduku."

Fremu mpya ilikuwa tayari, wakaingia wote sebuleni na chai yao. Ilikuwa ndiyo kwanza inakaa sawa kwenye msumari alipoingia jirani yao Gideon, mzee wa kanisa, akitafuta ndama wake aliyepotea. Alisahau ndama. Alisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, akisogea na kurudi.

"Kokoo, hii kazi ni safi. Ni nani ameshona?"

"Mimi," kokoo alijibu bila kupepesa. "Nikiwa msichana."

Caro alifungua mdomo. Waruguru alimkanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu, kikombe kikatikisika.

"Na bado rangi ziko hivyo!" Gideon alishangaa.

"Nilikuwa nashona vizuri," kokoo alisema.

"Alikuwa anashona vizuri sana," Waruguru aliitikia. Akavuta chai yake iliyopoa, akaketi wima kitini kama mtu aliyetajwa kwa jina mbele ya mkutano, akainywa yote.