Fundi wa Redio za Ndege za Vita

Saa tatu asubuhi, jua limeshafika mezani. Fundi Mawimbi, kama wateja wanavyomwita, ameinamia kisanduku cheusi cha chuma, bisibisi ameing'ata menoni. Anapuliza vumbi, anagonga kwa ukucha, anatega sikio.

"Huyu amewahi kupaa," anasema bila kuinua uso. "Lazima umshike kwa adabu."

"Huyu" ni redio ya kupokea mawasiliano, iliyotolewa kwenye ndege ya kivita ya zamani. Mawimbi, mama wa makamo, huzitengeneza redio kama hizi katika chumba anachogawana na mumewe, fundi cherehani: huku vitambaa, kule waya. Riziki yao hutoka kwenye suruali za watu, feni na pasi zilizoungua. Redio za ndege ni mapenzi tu.

"Nilioa mke mmoja, nikaletewa na mashemeji wa chuma," mumewe anatania, cherehani ikikimbia. "Hawali, lakini nafasi wanaila!"

Mapenzi hayo Mawimbi aliyarithi kwa baba yake, fundi wa ndege jeshini. Ndiye aliyemfundisha kwamba redio hizi huzaliwa kwa ukoo: sura moja, matumbo mbalimbali. Moja husikia mawimbi marefu, ndugu yake mafupi. Mmoja hutumia volti kumi na nne, mwingine ishirini na nane.

"Ukimlisha mdogo chakula cha mkubwa, umemuua," anasema.

Hii ya leo nusura ife hivyo. Imeletwa na mjane wa mwendesha redio wa ndege. Wanawe walitaka iuzwe pamoja na vyuma chakavu, kwa kuwa mama yao anahamia kwa bintiye. Mama akakataa mpaka aisikie japo mara moja.

Kibao cha mbele kiliandikwa ishirini na nane. Fundi alikuwa ameshagusa swichi alipoona skrubu za kibao zinang'aa kuliko skrubu nyingine. Akairudisha mikono. Alipofungua, akakuta tumbo la kumi na nne. Kuna mtu zamani aliibadilisha uso.

Ikabaki shida moja: vali, taa ndogo ya kioo inayoipa redio uhai, ilikuwa imekufa. Madukani haipo tena. Ilikuwepo moja tu anayoijua, ndani ya redio aliyoachiwa na baba yake, ambayo huisikiliza kila jioni.

"Siku mbili nilizunguka kama kuku anayetaka kutaga," anakiri.

Mumewe alipomwona anaifungua, akasimamisha cherehani. "Ya baba mkwe hiyo!"

"Baba hasikilizi tena," alimjibu. "Huyu mama anasikiliza."

Kabla ya adhuhuri mjane anaingia, akitembea polepole. Fundi anamkalisha, anamvisha visikilizio vya masikioni, anazungusha kitufe cha kutafutia mawimbi. Kwanza mkwaruzo, kisha mlio mwembamba: mfupi, mrefu, mrefu. Kimya. Tena mfupi, mrefu, mrefu.

"Ni mnara wa kuongoza ndege zirudi uwanjani, mama. Unajitaja jina kwa milio hiyo mchana kutwa."

Vidole vya mjane vimeanza kugonga meza: ta, taa, taa.

"Kumbe!" anasema hatimaye. "Marehemu mume wangu alikuwa anagonga hivi hivi akisubiri chai. Miaka yote hiyo nikimwambia, baba, unanikera! Kumbe alikuwa anafuata njia ya nyumbani." Anacheka mpaka machozi yanamtoka. "Mwanangu, haiuzwi. Naenda nayo kwa binti yangu, na asiyetaka anifukuze mimi pamoja nayo."

Mjane anapoondoka, redio ya baba yake Mawimbi imebaki rafuni bila vali, bubu. Fundi anaitazama, lakini hana uso wa majuto.

Amesikia kwamba kambi moja ya zamani itafungua ghala lake la mabaki ya ndege wiki ijayo. Anataka awe wa kwanza getini, atafute vali, na akibahatika, ndugu wengine wa ukoo.

"Wataka kunijazia mashemeji," mumewe anaguna. Lakini kitambaa anachokishona, kizito na chenye mifuko mingi iliyojazwa sufi ndani, si suruali ya mteja yeyote.

"Vali ni kioo, huvunjika njiani," anasema, na kuukata uzi.